Samaki Asiyeingia Wavuni Naye Ahesabiwe

Samaki aitwaye silikanti aliyenaswa Songo Mnara, kata ya Pande Mikoma wilayani Kilwa, mnamo Septemba 2003, hakuhamia huko mwaka ule. Jamii yake imeishi kwenye miteremko ya Bahari ya Hindi tangu kabla mwanadamu hajajua kusuka wavu. Hata hivyo yeye ndiye aliyeifanya Tanzania itajwe kwa mara ya kwanza kuwa nchi yenye silikanti, na baada yake wakafuata makumi, wengi wao Tanga. Basi walikuwa wapi miaka yote ile ambayo samaki wa nchi hii walikuwa wakihesabiwa, wakipimwa na kuandikwa vitabuni?

Walikuwa pangoni. Mchana silikanti hujificha kwenye mapango ya miamba, vilindi ambako mpiga mbizi wa kawaida hafiki na nyavu ya kukokota haipiti bila kuchanika. Usiku hutoka, akaelea polepole kufuata mteremko akitafuta riziki, na alfajiri hurudi kujificha. Anayemtafuta mchana hamkuti, na anayemtafuta usiku kwenye maji mafupi hamkuti vilevile.

Mwaka 1938 mmoja alinaswa na meli ya trola karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya mji wa East London, alimwona kati ya samaki walioshushwa, akatambua kwamba hajapata kuona kitu kama hicho. Dunia ya sayansi ilipigwa butwaa, maana samaki wa jamii hiyo walijulikana kwenye mawe tu na kudhaniwa walikwisha zamani za madinosaria. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Kuanzia hapo silikanti wakawa wanatoka Komoro mmoja baada ya mwingine, na kwa miongo kadhaa wataalamu waliamini kwamba makao ya samaki huyu ni visiwa vile, na yule wa Chalumna alikuwa amepotea njia.

Kwa nini Komoro? Kwa sababu wavuvi wa Ngazija na Nzwani wana desturi ya kutoka usiku na galawa, wakashusha mshipi mrefu kwenye kilindi kilicho karibu kabisa na pwani ya volkano, wakitafuta samaki mwingine mwenye mafuta. Saa yao ya kuvua ilikutana na saa ya silikanti ya kula. Ramani ya makao ya silikanti iliyokuwa vitabuni ilikuwa, kwa kweli, ramani ya mahali mishipi ya Wakomoro iliposhushwa. Upande wetu hali ilibadilika pale majarife ya papa yaliposhushwa kina kirefu zaidi na kulala baharini usiku kucha. Wengi wa silikanti wa Tanzania wamekufa kwenye majarife hayo. Tanga walipanda kwa wingi hata Serikali ikatangaza hifadhi ya bahari yenye jina lao mwaka 2009, na mwaka 2011 wanasayansi wakathibitisha kwa vinasaba kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lililojitenga, tofauti na wa kusini mwa nchi na wa Komoro. Kundi zima lilikuwa karibu na bandari ya Tanga na hakuna aliyelijua, kwa kuwa hakuna chombo kilichowahi kushushwa pale kwa saa ile na kwa kina kile.

Maoni yetu ni haya. Idadi yoyote ya samaki inayotolewa bila kueleza tabia ya samaki hao, na bila kusema zana iliyowahesabu iliwakuta saa ngapi, kwa mwezi gani wa mbinguni na kwa maji gani, haitoshi kufungia mwamba, kufungulia mwamba, kutolea leseni wala kupigia zana marufuku. Pwani ya Kilwa na Lindi ina haki ya kudai hesabu bora kuliko hiyo. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kuiboresha iko hapahapa, kwa watu wanaovua.

Hakuna anayeweza kuhesabu samaki wote. Kila mtafiti huchukua sampuli: anaangalia wachache, kisha anakadiria wengi. Njia hiyo ni halali, na bila hiyo tusingejua lolote. Lakini ina sharti moja, kwamba wale wachache wafanane na wale wengi. Karani wa sensa akipita kijijini asubuhi tu, tena msimu wa kulima, atawakuta wazee na watoto na ataandika kwamba kijiji hakina vijana. Samaki naye ana saa za kutoka, ana anachokiogopa, ana anachokipenda, na wapo wakali na wapole ndani ya aina moja. Zana yoyote inayowahesabu inawachagua, hata kama mwenye zana hakukusudia.

Chukua njia inayotumika zaidi kwenye miamba ya matumbawe. Mpiga mbizi anatandaza kamba chini ya maji, anaogelea kuifuata, na anaandika kila samaki anayemwona kulia na kushoto. Njia ni rahisi, haiui samaki, na imetupa mengi tunayoyajua kuhusu miamba ya Afrika Mashariki. Lakini mwamba ambako vijana hupita kila siku na bunduki za mishale una samaki waliokwisha kujifunza. Chewa na pono wa hapo wakisikia mtu anatoa povu hutoweka kabla hajawaona. Ndani ya hifadhi samaki wa aina hiyohiyo humsogelea mtu, wakati mwingine wakamfuata. Sasa mtafiti akilinganisha mwamba wa wazi na mwamba uliohifadhiwa, tofauti anayoipata ina vitu viwili vilivyochanganyika: samaki waliopungua kweli, na samaki waliokimbia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, walichapisha matokeo ya kulinganisha mitungi ya kawaida ya kuzamia na vifaa vinavyorudisha pumzi ndani bila kutoa povu. Ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa hapakuwa na tofauti ya maana. Kwenye maeneo yanayovuliwa sana, aliyezama bila povu aliona samaki wengi zaidi na aina nyingi zaidi kuliko mwenzake mwenye povu. Samaki walikuwapo, kelele za mhesabuji ndizo zilizowafukuza.

Mtu asilichukue hilo kuwa hoja dhidi ya hifadhi. Sisi tunaziunga mkono, kuanzia ile ya Mafia iliyotangazwa mwaka 1995, jirani kabisa na maji ya Kilwa. Na mwamba uliopigwa baruti umepoteza samaki kweli, woga hauwezi kuwa kisingizio cha kifusi. Lakini mvuvi wa Pande akiambiwa kwenye mkutano kwamba mwamba wake hauna pono, naye jana usiku amewaona pono wamelala kwenye vishimo vya mwamba huohuo, ataacha kuamini na yale mengine yote anayoambiwa, hata yaliyo kweli. Takwimu mbovu huliharibu jambo jema kuliko upinzani.

Suala la usiku linahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu karibu hesabu zote za kupiga mbizi hufanywa mchana, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Samaki wengi wanaoshinda wamejibanza mwambani hutawanyika usiku kwenda kula kwenye majani ya bahari. Wengine huingia mikokoni maji yanapojaa, wakatoka yanapokupwa. Kwa pwani kama ya Pande, yenye mikoko, vijito vya maji ya chumvi, majani ya bahari na matumbawe kwa pamoja, samaki mmoja anaweza kuwa na makazi matatu ndani ya saa ishirini na nne. Anayehesabu mwamba peke yake, saa nne asubuhi, maji yakiwa mafu, amehesabu chumba kimoja cha nyumba na kwa saa moja tu. Wavuvi wanajua bamvua linaleta nini na maji mafu yanaleta nini. Wanajua kwamba tasi hukusanyika kutaga kwa kufuata mwezi, na kwamba siku hizo mtu anaweza kujaza chombo mahali ambapo wiki moja baadaye hapati kitoweo. Kwenye fomu nyingi za kukusanyia takwimu kuna nafasi ya tarehe. Ya mwezi na maji mara nyingi haipo.

Kwa pweza hesabu ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tungependa wasomaji wetu wa Kilwa watulie kidogo. Songosongo ni miongoni mwa vijiji vilivyojaribu kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa siku maalumu. Mpango huo una mantiki nzuri, kwa kuwa pweza hukua kwa kasi ya ajabu, na miezi michache ya kuachwa huongeza uzito wake maradufu na zaidi. Siku ya kufungua, watu huingia mwambani kwa mamia, mizani huwekwa ufukweni, na kilo za siku hiyo hutangazwa kuwa ndiyo mafanikio.

Kilo za siku ya kwanza zina mambo mengi ndani yake. Wapo pweza walioongezeka kweli. Lakini pia wapo watu wengi kuliko siku yoyote, kila shimo limechokolewa, na pweza ambaye hajasumbuliwa miezi mitatu amekaa mlangoni pa shimo lake bila wasiwasi. Siku ya tatu wale waliobaki wamejibana. Ukilinganisha siku ya kwanza ya mwamba uliofungwa na siku ya kawaida ya mwamba ulio wazi, unalinganisha pia pweza asiye na hofu na pweza mwenye hofu. Hesabu ya haki ingefuatilia bamvua kadhaa kabla ya kufunga na kadhaa baada ya kufungua, ikagawa kilo kwa idadi ya watu na saa walizochokoa.

Tena kuna jike. Pweza jike akishataga hukaa ndani ya shimo akilinda mayai kwa wiki nyingi, hali, hatoki, na mara nyingi huziba mlango kwa mawe. Mchokoa pweza humtambua pweza kwa mabaki ya makombe na kaa yaliyotupwa nje ya shimo. Jike asiyekula hatupi kitu. Kwa hiyo yeye, ambaye ndiye mwenye kizazi kijacho, ndiye anayeonekana kwa nadra kwenye mizani. Mtafiti akichukua sampuli ufukweni na kukuta majike walio tayari kutaga ni wachache, asikimbilie kuandika kwamba hakuna uzazi. Kina mama wanaochokoa pweza wa pwani hii wanayafahamu mashimo ya namna hiyo. Waulizwe kabla ya fomu kuchapishwa.

Ukitoka ufukweni ukaenda bahari kuu, zana inabadilika ila tatizo linabaki. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilipima samaki wa maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, na meli mpya yenye jina hilohilo ikaja mwaka 2018. Meli za aina hiyo hupiga sauti kwenda chini na kusikiliza mwangwi, kisha hushusha nyavu kuthibitisha walioitikia ni akina nani. Ni kazi kubwa na ya heshima, na nchi yetu imefaidika nayo. Lakini meli ya ukubwa ule haiwezi kuingia kwenye maji mafupi ya mafungu, ambako ngalawa na mitumbwi ya Kilwa ndiko inakovua. Samaki waliolala karibu kabisa na chini humezwa na mwangwi wa chini yenyewe. Mwangwi mkubwa hutoka kwenye kibofu cha hewa ndani ya samaki. Nguru hana kibofu hicho, papa na taa hawana, kwa hiyo sauti yao ni ndogo kuliko miili yao. Na samaki mwenye kibofu akishtuka, akainamisha kichwa kupiga mbizi, mwangwi wake hupungua papo hapo, ingawa hajaenda popote.

Wanasayansi hawakulikalia kimya jambo hili. Miaka ya 1990 mataifa yanayovua Atlantiki ya Kaskazini yalikubaliana viwango vya ukimya kwa meli za utafiti, kwa kuamini kwamba injini ndiyo inayowatisha samaki. Mwaka 2000 jaribio la kutumia chombo kidogo kisicho na mtu kikitangulia mbele ya meli kimya ya Scotland lilionyesha kwamba samaki wa jamii ya heringi hawakuikimbia. Miaka saba baadaye Wanorwei wakachapisha matokeo ya meli yao mpya, G. O. Sars, iliyojengwa kwa gharama iwe kimya: heringi waliikwepa zaidi kuliko walivyoikwepa meli ya zamani yenye kelele. Hilo linatufundisha kwamba tabia ya samaki haikisiwi ofisini. Inapimwa, tena mahali husika, na matokeo ya Norwei hayahamishiki kwenda kwa vibua na dagaa wa Kilwa bila kupimwa upya.

Ziwa Victoria lilitupa somo la namna hiyo mapema. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 1969 hadi 1971, uliofanywa kwa nyavu za kukokota chini ya ziwa, ulionyesha furu wakiwa wengi kupita samaki wengine wote. Dagaa, wanaoishi kwenye maji ya juu na kupenya matundu ya nyavu, hawakuonekana kuwa kitu. Leo dagaa ndio wanaobeba sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani humo. Ni kweli sangara aliwapunguza sana furu na kulibadilisha ziwa. Lakini hata kabla ya mabadiliko hayo, nyavu iliyopita chini isingeweza kuwaona waliokuwa juu.

Mpaka hapa tumezungumzia samaki wasiohesabiwa. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: samaki wachache wanaoonekana wengi.

Dagaa wa bahari huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa huwaita kutoka mbali na kuwakusanya mahali pamoja, na wavu huwazungushia. Wakipungua nusu baharini, taa bado itajaza wavu, kwa kuwa waliobaki bado wanaifuata. Karani wa mwaloni ataandika kilo zilezile kwa usiku, mwaka baada ya mwaka, na kila mtu ataridhika, mpaka usiku mmoja taa iwake na kisije kitu. Canada iliona hilo kwa samaki aitwaye kodi wa Newfoundland. Kundi lilipokuwa likipungua, kodi waliendelea kukusanyika kwa wingi sehemu chache, meli zikawafuata hukohuko, na mavuno kwa kila saa ya kuvua yakabaki mazuri. Wavuvi wadogo wa pwani walisema mapema kwamba samaki hawafiki tena kwenye mitego yao. Hawakusikilizwa vya kutosha. Julai 1992 serikali ya Canada ilifunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Miaka zaidi ya thelathini imepita na wingi wa zamani haujarudi.

Kilwa haina meli za viwanda za namna ile, ila ina taa, ina nyavu za mtando, na ina wanunuzi wa dagaa. Kilo kwa usiku peke yake isiwe kipimo. Iandikwe pia taa zilikuwa ngapi na zenye nguvu gani, chombo kilitafuta kwa muda gani kabla ya kushusha wavu, na kilikwenda umbali gani kutoka pwani. Umbali ukiongezeka kila mwaka huku kilo zikibaki zilezile, hiyo ni habari mbaya, na inatakiwa ionekane kwenye karatasi kabla ya kuonekana kwenye sufuria.

Kuna jambo la mwisho kuhusu zana, nalo halizungumzwi kabisa huku kwetu. Samaki wa aina moja hawana moyo mmoja. Wapo wanaoingia demani wa kwanza, wapo wanaozunguka nje na kuondoka. Dema likiwa na chewa ndani, wadogo hawaingii tena. Likiwa na tasi wachache, tasi wengine huvutwa na wenzao. Mwaka 2008 watafiti wawili, Peter Biro na John Post, walichapisha jaribio walilofanya kwenye maziwa ya Canada kwa samaki trauti wa aina mbili za ukoo: wanaokua haraka na wenye ujasiri, na wanaokua polepole na waoga. Nyavu zilezile, kwenye maji yaleyale, ziliwanasa wale jasiri kwa kiwango cha mara tatu ya wenzao. Maana yake ni kwamba zana ya kusubiri, iwe jarife, dema au mshipi, inampa mtafiti sampuli ya majasiri. Akipima ukuaji wao na kusema samaki wa hapa wanakua haraka, amepima wale tu waliothubutu. Na uvuvi wa miaka mingi unaweza kuacha baharini waoga na wanaokua polepole, ambao hawapandi kwenye mizani yoyote.

Hata magofu yetu yana somo hili. Wanaakiolojia waliochimba Songo Mnara, mji uliostawi kati ya karne ya 14 na ya 16, wamepata mifupa ya samaki waliovuliwa na kuliwa na wenyeji wa zama hizo. Kazi ya namna hiyo hulazimika kukumbuka kwamba chekeche lenye matundu makubwa hupitisha mifupa ya dagaa na kubakiza ya chewa, na kwamba jalala la mji linaonyesha waliovuliwa, halionyeshi waliokuwapo baharini. Wachimbaji wamejizoeza kueleza matundu ya chekeche lao. Wahesabuji wa samaki walio hai wanapaswa kueleza matundu ya nyavu zao kwa uwazi uleule.

Tunachokidai hakihitaji mabilioni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ipo tangu mwaka 1980 na ina wataalamu wanaoyajua haya yote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavipa vikundi vya wanakijiji vya kusimamia fukwe, BMU, nafasi ya kushiriki kusimamia rasilimali. Kinachokosekana ni daraja kati ya hao wawili pale fomu inapoandikwa. Kwa sasa mvuvi huitwa mwisho, kupewa matokeo. Aitwe mwanzo, kabla ya kuchagua mwamba, saa na zana, aulizwe nani anatoka usiku, nani anakimbia povu, nani anafuata mwezi, nani amejificha na mayai. Atakosea mahali pengine, kama mtaalamu anavyokosea, na ndiyo maana majibu yake nayo yapimwe. Naye asidhani kwamba ushahidi wake hauna upande: anayevua kwa jarife anaijua bahari ya jarife, na pengine hamjui kabisa samaki wa mchokoa pweza. Ndiyo maana waitwe wote, wanaume wa ngalawa na wanawake wa ufukweni.

Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, pamoja na BMU zake, ianze na kitu kimoja mwaka huu: kila daftari la takwimu za samaki, kuanzia Somanga hadi Pande, liongezwe nafasi za kuandika zana na tundu lake, saa ya kushusha na ya kupandisha, kina, umri wa mwezi, na kama maji yalikuwa bamvua au mafu. Idara ya Uvuvi nayo isikubali pendekezo lolote la kufunga au kufungua eneo linaloegemea njia moja tu ya kuhesabu. Ziwe angalau mbili zinazochagua samaki tofauti, na moja kati ya hizo ifanyike usiku. Na watafiti wanaokuja kutoka vyuo vya ndani na nje warudi kijijini na matokeo, waseme hadharani ni samaki gani ambao zana zao hazikuweza kuwaona.